Ceska, Jericho au Browning: tuongee mpini, vitufe na inavyokaa mkononi

Shabaha_Tulivu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wenye leseni na wale wanaoitafuta kwa njia halali. Nasaidia kufundisha uwanja wa shabaha hapa Kenya, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote linatoka kwa mtu aliyekubaliwa juzi na Bodi ya Leseni za Silaha: "Nichukue Ceska au Jericho?" Pembeni yake hakosi mzee wa kusema, "Achana na hizo, tafuta Browning." Majina haya matatu Wakenya tumeyazoea kwa sababu ndiyo yanayotajwa magazetini kila silaha ya polisi inapozungumziwa. Lakini wengi huchagua kwa jina, au kwa picha, au kwa sababu shemeji anayo. Mimi nasema anza na mkono wako. Na kabla hata ya mpini, angalia mwelekeo wa sefti, ile swichi ya kuizuia bastola isilie. Nitafika hapo.

Kwanza tujue undugu wao. Browning Hi-Power ndiyo mzee. John Browning aliianza, akafariki Ubelgiji 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN akaimaliza. Ilitoka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13 zilizopangwa safu mbili, jambo kubwa kwa bastola ya wakati ule. Ceska tunayoizungumzia ni CZ 75, kazi ya ndugu wawili, Josef na František Koucký, kutoka kiwanda cha Uherský Brod katika iliyokuwa Chekoslovakia. Jericho 941 ilitangazwa na kiwanda cha silaha cha Israel mwaka 1990, lakini mifupa yake ni ya CZ 75 iliyopitia Italia, kwa Tanfoglio, waliotengeneza sehemu zake za mwanzo. Kwa hiyo ukiziweka Ceska na Jericho mezani unatazama ndugu wa damu. Ndiyo maana tofauti zao zinawaponyoka watu.

Undugu unaonekana zaidi kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikilia. Bastola nyingi slaidi yake hufunika fremu (mwili wa chini wenye mpini) kwa nje. Hizi mbili slaidi inateleza ndani ya fremu. Faida yake ni kwamba mtutu unakaa karibu na mkono, na bastola ikilia pua hainyanyuki sana. Hasara yake ni kwamba slaidi inayojitokeza nje ni fupi, vidole havipati pa kushika. Mtu mwenye jasho au nguvu kidogo za vidole anahangaika kuivuta, hasa Ceska. Jericho ina slaidi nene kidogo, kwangu inavutika kirahisi.

Mpini sasa. Ceska 75 B ina mpini ambao sijaona mtu akaushika akanuna. Nyuma una tumbo linalojaza kiganja, shingo imeingia ndani pale kati ya kidole gumba na cha shahada, na mkono unapanda juu wenyewe bila kufundishwa. Jericho ni nene zaidi na fremu yake ina kona. Uzito wa Ceska ni kama kilo moja tupu, Jericho ya chuma ni kama kilo 1.1, na sehemu ya uzito huo wa ziada iko mbele. Kwenye kulenga kwa utulivu uzito wa mbele unasaidia. Kwenye kuibeba kiunoni kutwa nzima, kiuno kitakwambia. Browning ni nyembamba kuliko zote mbili, na watu wa viganja vidogo huipenda mara wanapoishika. Shida yake wanaikuta wakianza kupiga: zile za zamani nyundo yake, ile ya nyuma inayogonga ili risasi ilipuke, hurudi ikabana nyama ya mkono. Mwenye mkono mnono anatoka uwanjani na alama.

Sasa pale ninapotaka watu wasimame. Sefti.

Ceska 75 B: sefti iko kwenye fremu. Juu ni salama, chini ni tayari. Inapanda tu nyundo ikiwa imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari kugonga. Browning ni vilevile, juu salama, chini tayari.

Jericho 941 R: sefti iko kwenye slaidi, na inashusha nyundo yenyewe. Chini ni salama. Juu ni tayari.

Someni tena hapo. Ni kinyume kabisa. Mtu aliyezoea Ceska kwa miaka, kidole gumba chake kinajua kufagia chini kwenda kwenye "tayari". Mpe Jericho R na kidole hichohicho kitakwenda kuifunga bastola wakati anaihitaji. Aliyezoea Jericho R atashusha sefti ya Ceska akiamini ameifunga, kumbe ameifungua ikiwa imekokiwa. Hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi.

Na kuna Jericho 941 F, ambayo sefti yake iko kwenye fremu na inakwenda mwelekeo wa Ceska. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nina Jericho", muulize ni F au R kabla hujampa ushauri wowote. Ceska nazo si moja: 75 B ina sefti, 75 BD ina dikoka ya kushusha nyundo na haina sefti ya mkono kabisa.

Msimamo wangu: usimiliki, na usijizoeze na, bastola mbili ambazo sefti zake zinapingana. Chagua familia moja ubaki nayo. Mpini mzuri hauwezi kufidia kidole gumba kilichochanganyikiwa.

Karibuni, tusemezane kwa hoja.

---

Mtanga_Asilia

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu, hapo kwenye F na R umenifungua macho, maana huku kwetu watu husema "Jericho" basi, wamemaliza.

---

Afande_Mstaafu

Shabaha, umeeleza vizuri lakini umeacha nusu ya maisha ya askari. Mimi nimebeba Jericho na Ceska zote mbili kazini, na hakuna kati yetu aliyekuwa anatembea na nyundo imekokiwa. Tulibeba nyundo chini. Ukibeba hivyo, mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, na huo urefu ndio ulinzi wako. Kwenye Jericho R nilikuwa nashusha nyundo kwa ile sefti, halafu naipandisha tena juu na kuiacha hapo. Nikitoa bastola sigusi kitu, navuta triga tu. Kwa namna hiyo hakuna mkanganyiko wa juu na chini.

Tatizo ni Ceska B, ile isiyo na dikoka. Kushusha nyundo huku risasi iko chemba, yaani imeshaingia nyuma ya mtutu, lazima uishike nyundo kwa kidole, uvute triga, uiachie polepole. Hapo kidole kikiteleza bastola inalia. Nimeona vijana wakifanya jambo hili wakiongea na mtu pembeni. Ndiyo maana ukiniuliza mimi kati ya Ceska B na Jericho R kwa mtu wa kubeba, nitakupa Jericho R bila kufikiria mara mbili, hata kama mpini wa Ceska ni mtamu zaidi.

---

Shabaha_Tulivu

Afande, heshima yako. Kwenye kushusha nyundo ya Ceska B kwa mkono tuko pamoja kabisa. Mimi wanafunzi siwafundishi zoezi hilo wakiwa na risasi chemba. Anayetaka kubeba nyundo ikiwa chini namwambia atafute BD. Dikoka yake inaishusha nyundo hadi ile hatua ya kati, haifiki chini kabisa, kwa hiyo mvuto wa kwanza unakuwa mfupi kidogo kuliko wa B iliyoshushwa kwa mkono.

Ila nabaki na neno moja. Ulivyokuwa unaipandisha sefti ya Jericho baada ya kushusha nyundo, ilikuwa ni mazoea ya kazi uliyoyarudia kila zamu. Raia anayeenda uwanjani mara chache kwa mwaka hana mazoea hayo. Siku moja atasahau kuipandisha, na siku ya kuihitaji atavuta triga isitoke kitu.

---

Afande_Mstaafu

Hapo sikupingi. Raia afanye mazoezi.

---

MamaWaNyali

Habari zenu kaka zangu. Nimepata kibali karibuni na nimepangiwa mafunzo. Mikono yangu ni midogo. Nilijaribu Ceska 75 B dukani, kushika ni raha kweli kama mlivyosema, lakini nyundo ikiwa chini kidole changu kinaifikia triga kwa ncha tu. Muuzaji akaniambia nitazoea. Je, ni kweli mtu anazoea? Na nikikoki nyundo mbona triga inakuja karibu?

---

Fundi_wa_Chuma

Dada, huyo muuzaji hakukutendea haki. Mkono haurefuki kwa mazoea.

Swali lako la pili ndilo ufunguo. Ceska 75, Jericho na bastola zote za aina yake zina mivuto miwili. Nyundo ikiwa chini, triga inakaa mbele, na ukivuta inafanya kazi mbili, kunyanyua nyundo na kuiachia. Mvuto huo ni mrefu na unapita kilo 4. Risasi ikishatoka, slaidi inakoki nyundo, triga inabaki nyuma, na mvuto unaofuata ni mfupi na mwepesi, kama nusu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo bastola ileile ina umbali wa aina mbili, na mkono wako unatakiwa kuutosha ule mrefu. Watu wengi wanaijaribu dukani ikiwa imekokiwa na kufurahia. Umefanya vema kuijaribu nyundo ikiwa chini.

Kipimo changu ni hiki. Hakikisha bastola ni tupu, magazini nje, chemba imetazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, pua imeelekea mahali salama. Shika mpini hadi juu kabisa, mtutu ukae kwenye mstari wa mfupa wa mkono wako. Sasa weka kidole kwenye triga nyundo ikiwa chini. Nyama ya ncha ya kidole, katikati, inatakiwa ilale kwenye triga bila wewe kuuzungusha mkono. Ukilazimika kuuzungusha ili ufikie, bastola hiyo ni kubwa kwako. Mkono uliozunguka unapokea kishindo kwenye kidole gumba badala ya kiganjani, na kila risasi ya kwanza itakwenda pembeni.

Kuna watu watakwambia badilisha vibao vya mpini uweke vya aluminiamu vyembamba. Vinasaidia mzingo wa mpini, na kweli vidole vinazunguka vizuri zaidi. Lakini umbali kutoka nyuma ya mpini hadi kwenye triga haupungui kwa kubadilisha vibao vya ubavuni, kwa sababu nyuma ni chuma cha fremu yenyewe. Zipo triga fupi za kubadilisha pia, ila hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, si ya mezani nyumbani.

---

MamaWaNyali

Asante sana Fundi. Huku dukani hawakunieleza hata robo ya haya. Sasa nijaribu ipi?

---

Msafiri_Minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi. Niko Marekani, na huku viwanja vingi vya shabaha vinakodisha bastola, kwa hiyo mtu anaweza kuzipiga kadhaa siku moja kabla hajanunua. Nimefanya hivyo kwa hizi zote mnazozitaja, na niwaambie jambo ambalo duka halikuonyeshi: mpini unaopendeza ukiwa umesimama kaunta si lazima ndio utakaokupendeza ukiwa unapiga.

Hi-Power ndiyo mfano bora. Dukani inashinda zote. Nyembamba, imelala mkononi kwa upole. Ukianza kupiga, nyundo inakubana kama Shabaha alivyosema, na triga yake ina mkwaruzo kwa sababu kuna kifaa kinachoizuia isifanye kazi magazini ikiwa nje. Kifaa hichohicho ndicho kinachofanya magazini isidondoke yenyewe ukibonyeza kitufe. Zile za toleo la Mark III zina sefti kubwa zaidi na ya pande zote mbili, zinavumilika. FN waliacha kuitengeneza kwa muda kisha 2022 wakatoa mpya kabisa yenye jina karibu lilelile, lakini ndani si ileile, msizichanganye.

Glock 19 ni kinyume. Dukani watu wanainunia, wanasema ni kipande cha mbao. Uwanjani risasi ya kwanza na ya mwisho zina mvuto uleule, karibu kilo 2 na nusu, hakuna sefti ya kidole gumba ya kukuchanganya, na ni nyepesi kubeba. Kwa hoja ya Shabaha ya sefti zinazopingana, Glock imekwepa swali zima.

---

Shabaha_Tulivu

Msafiri, imelikwepa swali hilo, ndiyo. Ila ina lake. Pembe ya mpini wa Glock imelala zaidi. Mtu aliyezoea Ceska akinyanyua Glock macho yakiwa yamefumba, akiyafumbua anakuta pua inatazama juu. Anajifunza, lakini akirudi kwenye Ceska anakuta inatazama chini. Ndiyo maana sipendi kumwona mtu anazibeba zote mbili kwa zamu.

Na lingine muhimu kwa wanaosafisha bastola nyumbani: Glock inakutaka uvute triga kabla ya kuitoa slaidi. Kama hukuhakikisha chemba iko tupu, hapo ndipo ajali inapotokea. Ceska 75 na Jericho hazikudai hivyo. Unarudisha slaidi kidogo hadi alama mbili za nyuma zilingane, unasukuma pini ya kizuia slaidi, inatoka. Jambo dogo, lakini kwenye nyumba yenye watoto mimi nalihesabu.

---

Kijana_wa_Dar

Wakuu, niko Tanzania, huku tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Nafuatilia mashindano ya shabaha, na nashangaa hakuna aliyetaja CZ SP-01 wala Shadow 2. Hizo ni CZ 75 zilizokuzwa! SP-01 ina magazini ya risasi 18, fremu yenye uzito mbele, vibao vya mpira, mistari ya kushikia mbele na nyuma ya mpini. Shadow 2 iliyotoka 2016 inapita kilo 1.3. Ukiipiga, pua haiendi popote. Kwenye mashindano ya kimataifa ya IPSC, daraja la Production (bastola za kawaida za kiwandani), unaanza nyundo ikiwa chini, risasi ya kwanza nzito, zinazofuata laini kabisa.

---

Afande_Mstaafu

Kijana, kilo 1.3 tupu bado hujaweka risasi. Ivae kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni kwenye gari la moto la Dar halafu urudi hapa.

---

Kijana_wa_Dar

Ni ya mashindano mzee wangu, si ya kubeba kutwa. Hoja yangu ni mpini. Aliyeipenda Ceska 75 lakini jasho linamtelezesha, SP-01 imetatua hilo. Na sefti yake iko pande zote mbili.

---

Kushoto_Kushoto

Hapo kwenye pande zote mbili ndipo na mimi naingia. Natumia mkono wa kushoto. Miaka yote nimeambiwa "nunua tu, utazoea", maneno yaleyale aliyoambiwa dada wa Nyali. Ceska 75 B ya kawaida sefti yake iko upande wa kushoto tu, kwa hiyo kwangu inakaa upande wa vidole, kidole gumba hakiioni. Kitufe cha magazini nacho kinaangukia upande wa kidole cha shahada. Kuna mtu wa mkono wa kushoto hapa aliyepata suluhisho?

---

Fundi_wa_Chuma

Kushoto, njia ziko kadhaa.

Ya kwanza ni CZ 85. Hiyo ni 75 iliyotengenezwa kwa mikono yote, sefti na kizuia slaidi viko pande zote mbili. Mpini ni uleule wa 75. Kupatikana kwake kwetu si rahisi, lakini ukiikuta hali nzuri usiiache.

Ya pili ni SP-01 kama Kijana alivyosema, ukikubali uzito. Ile ya Tactical ina dikoka pande zote mbili.

Ya tatu, na ndiyo nampa pia MamaWaNyali aitazame, ni CZ P-07. Fremu ya plastiki, risasi 15, chini ya gramu 800. Inakuja na dikoka pande mbili, na ndani ya boksi kuna sehemu za kuigeuza iwe na sefti kwa anayependa. Kitufe cha magazini kinahamishika upande wa pili. Nyuma ya mpini kuna kipande kinachobadilishwa, ukubwa wa aina tatu. Hicho kipande cha nyuma ndicho kinachobadilisha umbali hadi kwenye triga, tofauti na vibao vya ubavuni nilivyovieleza juu. Hili ndilo jambo Ceska ya chuma haiwezi kukupa.

Mvuto wa kwanza bado ni mrefu, sitaficha. Lakini triga yake imepangwa tofauti na ya 75 na kwa mikono midogo mingi niliyoona inafikika.

---

Mtanga_Asilia

Na CZ P-10 C je? Naona inasifiwa sana.

---

Fundi_wa_Chuma

P-10 C ya 2017 haina nyundo ya nje, inafanya kazi kwa namna ya Glock. Waliichukua pembe ya mpini wa 75 wakaiweka kwenye plastiki, kwa hiyo mtu wa Ceska akiinyanyua inatazama pale alipozoea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Za mwanzo kizuia slaidi na kitufe cha magazini vilikuwa vigumu zikiwa mpya. Na kumbuka, kama Glock, inataka uvute triga kabla ya kuifungua kwa usafi.

---

Mtanga_Asilia

Nashukuru mkuu. Sasa na mimi nichangie la pwani, kwa sababu nyote mnaongea kama mnaishi Nairobi. Huku joto na chumvi vinakula chuma. Browning za zamani zenye rangi ya bluu nyeusi zikikaa kwenye ala ya ngozi msimu mmoja wa masika bila kufutwa, kutu inaanza pale mwili unapogusa. Ngozi inanyonya jasho na kulitunza. Ceska B nyingi zimepakwa rangi nzito juu ya chuma, zinahimili vizuri mpaka rangi ibanduke kwenye kona za slaidi, halafu hapo panahitaji mafuta kila mara. Vibao vya plastiki vya Ceska kiganja kikilowa vinateleza sana. Nimeona mtu anarekebisha mshiko kila baada ya risasi mbili. Akaweka vya mpira, tatizo likaisha.

Kwa hiyo kwa mtu wa pwani, hisia ya mkononi uipime mkono ukiwa na jasho. Osha mikono, usiikaushe vizuri, kisha ujaribu kuvuta slaidi ya Ceska na ya Jericho, tupu. Mtaona tofauti Shabaha aliyoisema kwenye slaidi inakuwa kubwa mara dufu.

---

Shabaha_Tulivu

Mtanga, hii ya mkono uliolowa nimeipenda, naipeleka uwanjani. Wanafunzi wote hujaribu bastola wakiwa wakavu na wametulia, na hiyo si hali ambayo mtu hujikuta nayo akiwa amebanwa.

Niongeze kuhusu magazini ya Ceska, kwa sababu hakuna aliyeligusa. Magazini ya asili ya 75 haidondoki yenyewe ukibonyeza kitufe. Kuna springi bapa ndani ya fremu inayoishika kwa makusudi, unaivuta kwa mkono wa pili. Watu hudhani bastola ni mbovu. Si mbovu, iliundwa hivyo ili magazini isipotee. Ukitaka idondoke, springi hiyo inabadilishwa na nyingine iliyonyooka. Browning nayo haidondoshi lakini kwa sababu tofauti, ile aliyoeleza Msafiri. Kama umejizoeza na Glock, ambayo inadondosha, mkono wako wa kushoto utasubiri kitu kisichokuja.

Na msidhani magazini za Ceska na Jericho zinaingiliana kwa kuwa ni ndugu. Nunua ya bastola yako.

---

Msafiri_Minnesota

Swali kwa Afande. Ukiambiwa leo uchague moja ya chuma kati ya hizi tatu, ya kubaki nayo nyumbani, si ya kazini?

---

Afande_Mstaafu

Ceska BD. Mpini wa Ceska, dikoka badala ya kushika nyundo kwa vidole, na hakuna sefti ya kusahau. Naisema huku nimeitetea Jericho juu, na bado naitetea kwa aliyekwisha kuizoea. Aliyeizoea asiiache kwa sababu ya uzi huu. Lakini anayeanza leo, mkono mkubwa au wa wastani, nampa BD.

---

Shabaha_Tulivu

Nakubaliana. Na anayetaka kubeba imekokiwa na sefti juu, achukue B au Jericho F, akae humo humo, na asiiguse R.

---

MamaWaNyali

Kaka zangu, nimerudi. Nimeenda uwanjani na mwalimu wangu tukapanga zote mezani zikiwa tupu, nikapima kama Fundi alivyosema, nyundo chini, mkono kwenye mstari. Ceska 75 B imekataa. Jericho 941 F imekataa zaidi, ni nene kwangu. Glock 19 kidole kimefika vizuri lakini mkono haukuipenda. P-07 na kipande kidogo cha nyuma, kidole kimelala katikati ya triga bila kuzungusha. Nililowesha mikono kama Mtanga alivyosema, slaidi nimeivuta, ila kwa kiganja kizima juu yake, si kwa vidole viwili. Mwalimu akaniruhusu nipige. Risasi za kwanza, zile za mvuto mrefu, zinaanguka chini ya nilipolenga. Zinazofuata ziko sawa. Je, kipande cha nyuma kina makosa au ni mimi?

---

Fundi_wa_Chuma

Kipande kiko sawa, dada. Zikianguka chini moja kwa moja, si kulia wala kushoto, mkono umekaa vizuri, ila unausukuma mbele sekunde ile triga inapokaribia kuachia. Mwombe mwalimu akuwekee risasi bandia chemba. Vuta ule mvuto wa kwanza peke yake, shusha nyundo kwa dikoka, vuta tena. Usiende kwenye mvuto mfupi mpaka kilengeo cha mbele kibaki kimetulia nyundo inapoanguka. Na kuvuta slaidi kwa kiganja kizima ni sahihi, endelea hivyo hivyo.